Kumchafua Mama Upya

Kazi yangu hapa Ujiji ni kusafisha watu. Nina studio ya picha, chumba kimoja, kompyuta na printa, na kila anayeingia neno lake ni lile lile: nitoe madoa, nilainishe. Bwana harusi nimemtoa chunusi. Bibi wa miaka themanini nimemtoa makunyanzi mpaka wajukuu wakapiga vigelegele. Leo naichukia kazi hiyo.

Mama yangu alianika dagaa Kibirizi maisha yake yote. Idi moja alikuja studio na khanga mpya, nikampiga picha, nikamlainisha kama wateja wengine, kisha nikaihifadhi juu ya ile ya awali. Nilijiona mjanja, eti natunza nafasi kwenye kompyuta. Alipoiona akacheka: "Eeh, huyu binti wa nani?" Mwaka huu amefariki, na simu yake yenye picha nyingine ilishazama ziwani zamani. Imebaki hiyo moja, uso kama kipande cha sabuni ambacho hakijaguswa na maji.

Baada ya arobaini mama mdogo, aliyekuwa akianika naye dagaa, akaniomba picha ya kuweka sebuleni kwake. "Lakini namtaka dada yangu," akasema. "Simtaki huyo wa Idi."

Nikaipa akili mnemba ile picha, nikaiandikia: irudishe ngozi halisi, vinyweleo, mikunjo, jasho, uchafu wa kazi. Ikaniletea mwanamke aliyepakwa oili kama fundi wa gereji. Nikaieleza kwamba anaanika dagaa wa ziwani. Ikampaka chumvi nyeupe kwenye nyusi. Chumvi! Ziwa Tanganyika limekuwa na chumvi tangu lini? Niliitukana mashine kwa sauti, mlango uko wazi, wapita njia wananishangaa.

Nikaamua kumchafua mwenyewe, kwa mkono. Asubuhi nikaenda Kibirizi kuwapiga picha wanawake wakigeuza dagaa kwenye vichanja. Nilitaka yale magamba madogo yanayobaki kwenye paji la uso, pale mtu anapojifuta jasho kwa mkono wenye dagaa. Nikarudi nayo studio, nikawa nayabandika moja moja, na mikunjo ya jua kando ya macho, na mchanga shingoni. Siku ya tatu nikamwona anaanza kuja. Nikasema, karibu mama.

Halafu nikafika shavuni. Mama alikuwa na kovu la moto, dogo tu. Nikaliweka kulia, likakaa vizuri. Nikalihamishia kushoto, likakaa vizuri vilevile. Nikaachia kipanya, nikajishika kichwa. Miaka yote hiyo nimemtazama yule mwanamke, nimekula mkononi mwake, na sijui kovu lake lilikuwa shavu gani. Jamani, mimi ni mtoto gani!

Nikachapisha zote mbili, nikampelekea mama mdogo. Alikuwa amekaa barazani. Alizitazama kwa zamu, akagusa magamba ya kwenye paji, akatabasamu kidogo. Nikamwambia ukweli, kwamba nimesahau. Nilijua atanitukana, maana ulimi anao.

"Kushoto," akasema. "Kwani hakukusimulia?"

"Alisema aliungua tu, mama."

"Aliungua tu! Ulikuwa hata hujaanza kutembea. Mitumbwi imeingia asubuhi, taa ya karabai ya kuvulia iko ukingoni mwa mtumbwi, ndiyo kwanza imezimwa, kioo bado cha moto. Dada amekupakata mkono huu, mkono mwingine kashika beseni la dagaa. Wewe ukaona kitu kinang'aa, ukakirukia. Mkono wa kukuzuia hana. Akatanguliza uso."

 Nikamwuliza kama mama alilia.

"Alie saa ngapi? Beseni alilitupa mchangani, akakaa chini anakukagua vidole, kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyemwambia shavu lake limeungua."

Mama mdogo akaichukua ile picha ya kulia, akaichana vipande vinne. Ya kushoto akanipa niishike. Nikalia pale pale barazani, kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu.