Kaiyaba Mbili za Langoni

Kavutha Mwelu Mbaluka, mjukuu wa Nzuki aliyechimba kisima ambacho watu wa kwao Mwingi wanakunywa hadi leo, binti wa Mbaluka aliyebeba mawe ya kanisa begani, na yeye mwenyewe aliyeuza mitumba Ngara mpaka watoto wake wote wakamaliza shule, ni jirani yangu hapa Kangemi. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu barabara yetu ilipokuwa tope tupu.

Mumewe Kimanzi alikuwa mlinzi wa lango huko Muthangari, mtu wa maneno machache. Siku aliyostaafu alikuja na miche miwili ya kaiyaba, ule mti wa miiba ambao watu hufanya ua.

"Wenzako wakistaafu huleta hata redio," Kavutha akamwambia mbele yangu. "Wewe unaleta miiba."

Kimanzi aliipanda langoni. Kaiyaba ya ua hukatwa kila mara, ndiyo maana wengi hawajui kama ina matunda. Yeye aliziacha zikue zitakavyo. Moja ikazaa matunda ya manjano, yakawa yanaanguka na kuoza.

Tulimzika Kimanzi huko Mwingi mwaka juzi. Kavutha hakulia. Tuliporudi alipika, akafagia, Jumapili akaenda kanisani. Ila chakula hakukisikia tena mdomoni. Muthokoi wa mahindi na maharagwe, chai, nyama ya Krismasi, vyote alisema ni kama kutafuna karatasi. Hospitalini walimpima, hawakuona kitu.

Siku moja mjukuu wake Maureen akachuma kaiyaba. "Susu, onja. Lakini utakunja uso."

Akaonja. Uso ukakunjana. Akala lingine, na lingine.

"Hii naisikia," akasema. Basi, hivyo tu.

Msimu ulipokwisha akaamua kujaza kiwanja vichaka vya matunda, vile visivyopandwa na watu. Nikamsindikiza kwa wauza miche kando ya Waiyaki Way. Muuzaji mmoja, Sammy, akamletea mche mwembamba ndani ya mkebe.

"Shosho, chukua hii bluberi. Wadosi wa Lavington wanaipigania."

"Ni kali?"

"Kali wapi! Tamu kama sukari."

"Basi waachie hao matajiri."

Kila mche aliuliza swali hilo hilo. Mforosadi akaukataa. Akachukua nathi, yale matunda yanayojifunika ganda kama karatasi, na mkawa wa miiba, ambao utotoni alikula matunda yake meusi akichunga mbuzi. Hakuchagua kwa furaha wala kwa huzuni. Alichagua kama mtu anayenunua chumvi.

Nyumbani nafasi ikawa haitoshi. Akaitazama ile kaiyaba ya pili. Kila mwaka ilitoa maua, yakapukutika, haikuwahi kuzaa hata tunda moja.

"Hii inakula mbolea ya bure," akasema, akamwita mwanawe Mwangangi, babake Maureen, aje na jembe. Ikang'olewa. Mkawa ukapandwa kwenye shimo lake.

Wakati huo majirani nao walikuwa wameng'oa nyua zao zote za kaiyaba ili wajenge magorofa. Msimu uliofuata kaiyaba ya Kavutha ikatoa maua, yakakauka. Hakuna tunda. Kila asubuhi alisimama chini yake akiangalia juu. Mkawa ulikuwa bado chini ya goti. Nathi zikaiva, akatafuna moja.

"Karatasi," akasema.

Jackie, mke wa Mwangangi, ndiye aliyetafuta kwenye simu. Tulikuwa tunachambua maharagwe.

"Ai, Mum! Kumbe hii miti iko na dume na jike. Ile mling'oa ndio ilikuwa dume. Ulifukuza bwanake!" Akacheka, halafu akajiziba mdomo.

Kavutha aliendelea kuchambua. Baadaye akauliza, "Mzee alijua?"

"Sijui, Mum. Lakini si alileta mbili?"

Wiki hiyo akaniomba twende Muthangari, kwenye lango alilolinda Kimanzi. Ua wa zamani wa kaiyaba bado upo, na pembeni pana kona isiyofikiwa na makasi. Akaokota matunda yaliyoanguka. Hakula hata moja. Mbegu alizipanda kwenye pakiti za maziwa, akazipanga ukutani, na zilipoota akamwita Maureen.

"Hizi ni zako sasa."

"Dume ni gani, Susu?"

"Haijulikani mpaka zitoe maua, na hiyo ni miaka. Pengine sitakuwepo. Wewe mwagilia. Mtu akikwambia hii haizai tuing'oe, hata kama ni baba yako, hata kama ni mimi, kataa."

"Na nikiijua dume?"

"Ipande karibu na hii ya langoni. Usiikate."

Akamkabidhi mkebe wa maji, akaingia ndani kuinjika chai.