Chanzo cha Majeraha

Hospitali nzima ilimwita Kamusi, kwa sababu neno la Kiingereza likimpita bila kumsalimia, hatulii mpaka alifuate nyumbani kwao. Alikuwa karani wa mapokezi. Miaka kumi na saba amejaza fomu za waliojeruhiwa, na kwenye mstari wa chanzo cha majeraha ameandika ngazi, milango, hata teke la ng'ombe katika mtaa usio na ng'ombe. Alichoambiwa ndicho alichoandika. Fomu ikisema kupigwa, nakala huenda polisi siku hiyo hiyo. Ikisema kuanguka, mgonjwa hurudi alikotoka.

Asubuhi hiyo akaletewa dada yake, kitinda mimba wa kwao. Taya lilikuwa limeteguka, sikio linavuja damu, na shingoni zimebaki alama za vidole vitano.

"Nimeanguka bafuni, kaka."

"Bafu lako lina vidole?"

"Andika tu. Usinitafutie balaa."

Daktari alimpima, akaandika kwenye faili neno moja la Kiingereza: "concocted". Muuguzi akalisogeza faili mezani. "Kamusi, hili dudu ndio nini?"

Neno lilimpa pa kushika. Akaeleza kwamba asili yake ni Kilatini, kupika pamoja. Waingereza walilitumia kwanza kwa jinsi tumbo linavyosaga chakula, kisha kwa dawa zinazochanganywa, mwisho likaangukia kwenye uongo. "Mtu anakusanya vipande, anavipasha moto mpaka vishikane."

"Basi huyu kasahau chumvi," muuguzi akasema taratibu, akimfuta dada damu.

"Sikupika mimi," dada akasema, mdomo haufunguki vizuri. "Alinibana ukutani akanikaririsha. Nikikosea neno, ngumi. Kwanza tulikuwa tunasema ngazi. Nimeshakariri ngazi zote, ndipo akakumbuka nyumba yetu haina ngazi. Tukaanza upya."



Mume akaingia, shati limepigwa pasi, amebeba mfuko wa machungwa. "Shikamoo, shemeji. Umeshaandika?"

"Bado." Kamusi hakuitikia shikamoo. "Bafu nimelikataa."

Machungwa yakatawanyika sakafuni. Mume alimvuta kola kupitia juu ya meza, akampigiza uso kwenye mbao mara moja, mara mbili. Mara ya tatu jino likaruka na pua ikapinda. Akamshika koo kwa mkono ule ule ulioacha alama kwa dada. Mlinzi wa mlangoni alimpiga mume rungu la goti, akamwangusha, akamkalia mgongoni.

Mume akiwa bado anahema, shavu sakafuni, alikuwa ameshaanza. "Ameteleza. Amekanyaga chungwa. Si mmeona wote?"

Benchi zima la wagonjwa likainamisha macho. Mzee mmoja akatikisa kichwa kama anayekubali.

Muuguzi alimkalisha Kamusi, akamjaza pamba puani. "Na wewe sasa una fomu yako. Chanzo?"

Dada alitazama machungwa, akatazama benchi, akamtazama kaka yake anayemeza damu. Akavuta kiti mpaka mezani.

"Anza na yangu, kaka. Andika kupigwa."

"Na nani?"

Akalishika taya kwa mikono miwili ili limtii, akataja majina ya mumewe yote matatu, moja moja, mpaka kalamu ilipoyamaliza.