Nyumba ya Shangazi Isiyopigwa Plasta

Niliporudi kutoka Firenze, Italia, shangazi yangu hakuniuliza kama kulikuwa na baridi wala kama nilipata ugali. Aliniuliza nyumba zao zikoje, akanyoosha mkono apewe simu.

Alijua ninayo majibu. Ninafundisha historia ya majengo katika chuo kimoja cha ufundi hapa Arusha, na chuo ndicho kilichonipeleka kule kwa kozi fupi. Muda wote nilizunguka katika ule mji wa wafanyabiashara wa zamani nikitazama juu, mpaka shingo ikagoma. Nilirudi nyumbani Sekei na simu iliyojaa kuta. Picha yangu mwenyewe ni moja tu, na aliyeipiga aliziba lenzi kwa kidole.

Shangazi anaishi Ngaramtoni, na wakati ule alikuwa anajenga. Alianza kwa kuuza mitumba katika soko la Kwa Mrombo, nguo zimemwagwa juu ya turubai, baadaye akahamia kwenye mahindi na maharage ya jumla, na sasa alikuwa amesimamisha nyumba ya ghorofa karibu na soko, imeshaezekwa kwa bati la msauzi, lile la rangi na la bei. Ilibaki kumalizia tu. Fundi alikuwa amechekecha mchanga wa plasta, na mtu mmoja wa mjini alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza nguzo nne nene za mbele, pamoja na simba wawili wa zege wa kukaa getini.

Alipitisha picha zangu upesi upesi, kama mtu anayechambua belo jipya. Akasimama kwenye moja.

"Hii ni ya nani?"

"Ya tajiri mmoja wa zamani. Alikuwa akifanya biashara ya nguo."

"Mitumba?"

"Hapana, sufu. Na alikuwa akikopesha watu, mpaka wafalme."

Shangazi akaikuza picha kwa vidole viwili. Sehemu ya chini ya nyumba ile ilijengwa kwa mawe makubwa yaliyoachwa na manundu yake, utadhani yametoka machimboni asubuhi ileile. Ghorofa iliyofuata mawe yake yalikuwa yamesawazishwa kidogo, na ya juu kabisa yalikuwa laini. Madirisha ya chini yalikuwa na nondo, nayo yaliwekwa juu kuliko kichwa cha mtu. Na kwenye ukuta wote wa mbele, usawa wa magoti, lilitokeza benchi refu la jiwe.

"Hapa wanakaa kina nani?"

"Siku hizi watalii waliochoka miguu. Zamani walikaa watu wenye shida. Walikuja asubuhi kumngoja mwenye nyumba. Huyu anaomba kazi, huyu mkopo, huyu anaozesha binti."

"Kwa nini hakuwaingiza ndani?"

"Ndani wasingeonekana, shangazi."

Akaitazama tena ile picha. Mume wake, ambaye namwita mjomba, alichungulia juu ya bega lake. Ni mwalimu mstaafu, alifundisha Tanga karibu maisha yake yote ya kazi, na alikuwa amerudi Ngaramtoni juzijuzi tu, kiasi kwamba watu wengi hawakuwa wanamjua sura.

"Hiyo mbona ni baraza," akasema. "Tanga kila nyumba inayo. Mngeniuliza mimi, ndege isingehitajika."

"Baraza ya Tanga ni ya kuchezea bao," shangazi akajibu bila kuinua macho. "Hili ni benchi la wenye shida."

Kesho yake fundi aliitwa, nami niliitwa kutoka mjini nije nisaidie kueleza. Shangazi alimwambia kwamba plasta ya chini imefutwa. Ukuta wa mbele utavishwa mawe meusi yale yanayochimbwa huku kwetu, yachongwe kingo tu, uso uachwe ulivyo, na chini yake lijengwe benchi.

"Mama, hayo ni mawe ya msingi," fundi akasema. "Hayawekwi usoni."

"Huko Ulaya yanawekwa."

Fundi alinitazama akitumaini nitakanusha. Nikamwonyesha picha. Aliishika simu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama yule mwenye nyumba baadaye alipata pesa akamalizia.

Kazi ilifanyika. Nguzo nne zilifutwa kabla hazijamwagwa, lakini simba walikuwa wameshakauka, hivyo wakaletwa na kupewa kazi ya kulinda tenki la maji uani. Mimi nilichora, nikapima, nikagombana na fundi kuhusu upana wa mistari kati ya jiwe na jiwe, na kila Jumamosi nilikwenda kutazama ukuta ukipanda. Miaka yote nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi picha ukutani huku nusu yao wakisinzia. Sasa nilikuwa na kipande cha Firenze mkabala na mashine ya kusaga. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Kilichonipita, mimi mwenye elimu yangu, ni jambo ambalo kila mtu pale sokoni alilijua. Ngaramtoni nyumba isiyopigwa plasta ina maana moja tu. Mwenye nyumba ameishiwa.

Maneno yalianza kabla benchi halijakauka. Wapita njia walisimama wakatazama yale mawe, wakatazama bati zuri juu, wakatikisa vichwa. Mwenye duka la jirani aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, kwa nini msingi wa shangazi umepanda mpaka dirishani.

Benchi lenyewe lilipata watu siku ya soko ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumwona shangazi. Walikuja kina mama waliotoka kuuza ndizi, wazee wenye mbuzi wa kamba, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria. Ukuta ulikuwa na kivuli baada ya saa sita na jiwe lilikuwa la baridi. Shangazi hakujali walikuja kwa nini. Aliweka kiti chake juu, nyuma ya pazia la dirisha, akanywa chai akihesabu vichwa. Magari yanayokwenda na kutoka Namanga yalipita, na abiria wote waliona kwamba kwenye nyumba ile kuna watu wanangoja.

Siku moja ya soko nilikuwa naye pale dirishani. Chini yetu mama mmoja aliyekaa na beseni lake miguuni alikuwa akisimulia.

"Huyu mwanamke aliyejenga hapa, wanasema ameishiwa kabisa."

"Mimi nimesikia ni zaidi ya hapo," sauti ya mwanamume ikajibu. "Nimesikia hata bati lile la juu ni la kuazima."

"Bati linaazimwaje?" akauliza mzee mwenye mbuzi.

"Na mimi ndicho kinachonishangaza."

Kikombe cha shangazi kilisimama njiani. Sauti ile tuliijua. Nilisogeza pazia kidogo nikaona kofia ya mjomba, katikati kabisa ya benchi, gazeti limekunjwa kwapani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyezaliwa pale.

"Na mume wake yupo?" mama wa beseni akauliza.

"Yupo. Mtu mzuri sana yule. Amesoma, mpole, hana makuu." Mjomba akavuta pumzi. "Ila hasikilizwi."

"Maskini," mama akasema.

Nilimtazama shangazi nikitarajia atafungua dirisha. Hakufungua. Aliweka kikombe chini, akaingia jikoni, akapakua loshoro kwenye bakuli kubwa, ile ya mahindi na mtindi ambayo mjomba anaipenda, akashuka nayo. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alipita mbele ya watu wote, akasimama mbele ya mume wake.

"Mume wangu, chakula chako hiki. Kula hapahapa. Ndani meza tumeirudisha kwa wenyewe."

Benchi zima likageuka kumtazama mjomba. Mzee wa mbuzi aliinuka, akasema, "Yeyo, mama yetu, tunashukuru kwa kivuli," akavuta kamba zake. Mama wa beseni alikumbuka kwamba gari la kwao linaondoka. Mjomba alibaki peke yake, akala taratibu mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi.

"Nilikuwa nachangamsha baraza tu," alinieleza baadaye. "Watu wakikaa bila habari, wanaondoka. Nilikuwa nalinda heshima ya benchi lake."

Ila habari zilikuwa zimeshaondoka na wale mbuzi. Zilipanda vijijini, zikateremka, na zilipofika kwenye usharika wetu wa Kilutheri zilikuwa zimeongezeka uzito. Jumamosi moja mchana, mimi na shangazi tukiwa tunachambua maharage sebuleni, tulisikia wimbo wa kuabudu ukija kutoka barabarani. Tulitoka. Walikuwa kina mama wa umoja wa wanawake wa usharika, wamevaa vitenge vya sare, na nyuma yao lilikuja guta limebeba mifuko ya simenti.

Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimshika shangazi mikono yote miwili.

"Dada yetu, nyumba haijengwi siku moja. Sisi tumekaa, tumeomba, tumeona tusiishie kuomba. Hii ni ya plasta ya chini. Usione aibu."

Shangazi aliihesabu mifuko kwa macho. Aliwakaribisha ndani, akasema anakwenda kuweka chai, nami nikamfuata jikoni. Nilidhani atalipuka. Alisimama mbele ya jiko akiwa ameshika kibiriti, hawashi.

"Wengi wa hawa waliwahi kuninunulia kwenye turubai," akasema. "Wanadhani nimeanguka. Halafu angalia, wamekuja." Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Wajinga hawa." Akawasha jiko.

Aliporudi sebuleni na birika alikuwa amekuwa mtu mwingine, mwenye uso mtulivu mno. Nilipaswa kujihadhari.

"Ndugu zangu, mimi sina maneno," aliwaambia. "Mzee wangu ndiye anayezijua vizuri habari za sisi kuishiwa. Yeye atashukuru."

Mjomba, aliyekuwa amejibanza karibu na mlango wa uani, alisimama. Mwalimu wa miaka mingi vile, alianzia mbali. Alishukuru usharika, akashukuru mvua, akashukuru afya, kisha akasema kwamba suala la plasta ni la kitaalamu na mtaalamu yupo, akanigeukia mimi na kukaa.

Basi nilisimama mbele ya kina mama wa vitenge, kikombe mkononi, nikafundisha. Niliwaeleza juu ya mji wa Firenze, kwamba matajiri wa nguo na mikopo walishindana kwa nyumba. Nikawaambia mawe ya chini yaliachwa na manundu kwa makusudi, ili nyumba ionekane imara kama mlima, kisha kila ghorofa ilizidi kuwa laini na nyepesi, mpaka jicho likifika juu linapumzika. Niliwaonyesha picha, simu ikapita mkono kwa mkono. Walisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu.

"Kwa hiyo plasta iko juu, chini hakuna," mama mmoja mwembamba akasema alipomaliza kutazama.

"Tunaweza kusema hivyo."

"Basi na wao waliishiwa. Ila sisi tukiishiwa tunaishiwa juu. Wao waliishiwa chini."

Wote walikubaliana naye. Mwenyekiti alinipigapiga begani akasema nimejitahidi sana kumtetea shangazi yangu, na kwamba damu ni damu.

Shangazi alijaribu kuirudisha simenti. Wakakataa katakata, kwamba kilichokwisha kuombewa hakirudi. Hivyo aliitumia kupiga plasta ghorofa ya juu, ambayo ndiyo iliyotakiwa kuwa laini tangu mwanzo kwenye mchoro wangu. Kina mama walipopita wakaona fundi yuko juu na mwiko, walifurahi, wakaambiana mchango unafanya kazi. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada lazima mmoja wao amshike shangazi mkono na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Plasta imeshuka?"

"Bado," shangazi hujibu. "Ila iko njiani."

Benchi linajaa mpaka leo. Mjomba amejinunulia mto wa kukalia, na sasa anapotia chumvi anashusha sauti na kutazama dirishani kwanza. Shangazi naye, anaposikia habari yake inasimuliwa vibaya, hufungua dirisha akasahihisha. Watu wameshazoea. Wanainua nyuso, wanasema shikamoo, wanaendelea.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa kina mama alinikuta pale nje nikimsubiri shangazi afunge ghala. Aliketi kando yangu, akaniomba tena zile picha. Nilimpa simu nikidhani anataka kuta. Alipitisha kuta zote bila kusimama. Alisimama kwenye kanisa kuu la mji ule, lenye kuba kubwa jekundu linalozidi kila kitu kwa ukubwa.

"Hili limeshikiliwa na nini katikati?"

"Hakuna kitu katikati, mama. Ni makuba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali yamepangwa yakishikana yenyewe yanavyopanda."

"Hakuna nguzo?"

"Hakuna."

Alilitazama akisogeza midomo kama mtu anayepiga hesabu. Nikakumbuka kwamba yumo pia kwenye kamati ya ujenzi ya usharika, na kwamba usharika unapanua kanisa, na kwamba paa bado.

"Mwalimu," akasema, "hebu nitumie hii picha. Kamati inakaa Jumatano."

Nilichukua simu yangu taratibu, nikaitia mfukoni. Nikamwambia imeisha chaji.