Kungoja kwa Kiingereza

Kiingereza nilijifunza nikisuka ukili wa mikeka. Sikukifuata mimi, kilikuja nyumbani na mume wangu kila alasiri, akitoka forodhani hapa Malindi, alikokuwa akipokea magunia ya mtama na ufuta. Karani wa pale alikuwa Mgoa, naye alimfundisha kidogo kidogo wakati kazi imepoa. Mume wangu alitaka siku moja naye awe karani, akalie kiti, asiondoke mjini. Aliogopa kusahau aliyofundishwa, basi akatafuta mtu wa kumweleza. Mtu huyo nikawa mimi.

Mimi nilisoma chuoni mpaka nikahitimu Kurani, na kuandika naandika kwa herufi za Kiarabu. Zaidi ya hapo sikusoma. Lakini kusuka najua, naye akanifundisha kwa njia ya kusuka. Ukili hauendi kwa jani moja: jani likikaribia kwisha, unachomeka jingine, na kazi inaendelea. Yeye alitaja tendo, mimi nikachomeka la kuliendeleza. Akisema "to go", yaani kwenda, mimi nitie "to the well", kisimani. Akisema "to sleep", nitie "on the mat", mkekani. Nikikosa, aliweka kidole juu ya ukili wangu, nisisuke mpaka nimepata.

Siku ya kwanza nilimwambia, "Bwana, hilo 'to' umelisema mara mbili. To go to the well. Limekuponyoka?"

"Halikuniponyoka. La kwanza ni kama ku- yetu ya kupika na kulala. La pili ndiyo njia inayokupeleka kisimani."

"Basi ni mapacha."

"Si ndugu hata kidogo. Wamefanana sura tu."

Mavyaa wangu, mama mzaa mume wangu, tulikaa naye nyumba moja. Alikuwa kando anachagua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Watu wana mali yote ile, na maneno yamewapungukia hata wanaazimana."

Siku nyingine alikuja na maneno ya kumpiga mtu kwa fimbo: "to beat the man with the stick". Nikamwuliza, fimbo anayo nani, anayepiga au anayepigwa? Akaenda kumwuliza Mgoa. Kesho yake alirudi anacheka. Mgoa naye alikuna kichwa, akasema yawezekana huyu, yawezekana yule, msikizaji ajitafutie mwenyewe.

"Basi kwa kadhi wao," alisema mavyaa, "watu hufungwa bure."

Neno lililonisumbua ni kungoja. Kwetu, mtu unayemngoja yumo ndani ya neno lenyewe: kumngoja. Ukilitamka umemtamka na yeye. Kumpikia yumo, kumlilia yumo. Kiingereza hutaja kungoja kwanza, "to wait", halafu huja kijineno "for", ndipo yeye aje mwisho, amesimama peke yake kama mgeni ambaye hajafunguliwa mlango. Mimi nilikiruka kile kijineno kila mara. Mume wangu alisema, "Hapo hukuchomeka. Utafumuka." Nami nilimjibu kwamba anayetaka kungojwa na angojwe kwa Kiswahili.

Nayaandika haya kwa sababu ndiyo niliyobaki nayo zaidi. Sauti yake imeanza kunipotea, lakini kidole chake juu ya ukili nakiona.

Vita vya Mdachi vilipokuja, serikali ikataka wapagazi, vijana wa mjini na wakulima wa bara pia. Sisi tulidhani Kiingereza kitamweka forodhani. Ndicho kilichomchukua. Wapagazi walihitaji mtu wa kuwaeleza amri za Wazungu, na watu wa kufanya kazi hiyo walikuwa wachache. Aliniaga mlangoni asubuhi. Alitaka nicheke, akasema "to wait", akangoja nichomeke. Nilichomeka vizuri, na kijineno chake, sikukosa hata herufi. Sikucheka. Wala yeye.

Baadaye wakaanza kurudi waliorudi, wamekonda, wengine hawataki kuzungumza. Mmoja alisema aliachana naye mtoni, akapelekwa kwa kundi jingine. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Vita vikaisha, watu wakaambiwa vimekwisha, na mimi nikawa sijui mimi ni nani. Mke wa mtu hutia wanja na asumini. Mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Mimi nilijipamba nikiogopa kwamba najipamba juu ya maiti, na siku nisizojipamba niliogopa kwamba namtakia kufa.

Mwisho tulikwenda ofisi ya serikali, mimi na mavyaa. Mkalimani wa pale alikuwa mtu wa mtaani kwetu, amemjua mume wangu tangu utotoni wakicheza marede.

"Shikamoo, mama," alimwambia mavyaa.

"Marahaba, mwanangu. Mwulize huyo Bwana, mwenzenu yuko wapi."

Mzungu alimsikiliza, akaingia chumba cha ndani, tukasikia anazungumza na mtu. Alirudi akaketi. Alikuwa kijana, na alisema kwa sauti ya chini, bila ukali: "Tell her not to wait for him," yaani mwambie asimngoje. Kisha akaeleza kwamba alikufa kwa homa, katika hospitali ya wapagazi, kabla ya masika ya mwaka uliopita. Yalikuwa maneno mepesi, ya namna ile ile ya nyumbani kwetu, tendo kisha kijineno kisha kitu. Kwa homa. Katika hospitali. Kabla ya masika. Kila kipande kilikaa mahali pake nikiwa nimesimama pale, na nilitamani kimoja kinipite nisikielewe.

Mkalimani alitazama ukuta. Akasema, "Bwana anasema habari bado hazijafika. Rudini nyumbani, mwombeni Mungu."

Njiani mavyaa alitembea mbele yangu, mwepesi kuliko tulivyokuja.

"Bado si kukatazwa," alisema. "Bado maana yake yuko mahali."

Tulipofika alifungua sanduku, akatoa kanzu ya mwanawe, akasema imepata harufu ya kukaa, bora aifue. Nilimtazama anaitia majini. Ningeweza kunyamaza. Yule mkalimani alimhurumia, na mimi pia nilimhurumia. Lakini kama mume wangu amezikwa, mimi nina eda, na eda hainyamaziwi. Na hata bila eda, nisingeweza kumwangalia anaanika kanzu ile.

"Mama," nikasema, "iache kanzu."

"Niiache kwa nini?"

"Mzungu hakusema vile."

Aligeuka. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa Kiingereza chako cha ukilini?"

"Ndicho hicho."

Aliitoa kanzu majini. "Basi niambie kama alivyosema. Usinipunguzie."

Nikamwambia yote matatu, homa, hospitali, masika. Alikaa chini na kanzu mapajani inachuruzika, akaikamua polepole, tena na tena, hata maji yalipokuwa hayatoki.

Nilivua bangili, nikatoa asumini nyweleni, nikafunga kaniki, nikaingia chumbani kukaa. Nasema kweli: pamoja na uchungu wote, nilipata utulivu. Miaka ile sikuwa na mahali. Sasa nilikuwa na chumba, na siku zangu, na kazi ya kumfanyia, ya mwisho ambayo mke humfanyia mumewe.

Mwalimu wa msikiti wetu aliitwa. Hakutaka kuamini Kiingereza cha mwanamke, na sikumkasirikia. Alikwenda kwanza kwa mkalimani. Aliporudi alizungumza nami nyuma ya pazia.

"Ni kweli. Amekiri. Asema hakuweza kumwambia mama mtu mzima akimtazama usoni."

"Mungu amrehemu marehemu," nikasema.

"Amin. Alikufa kabla ya masika ya mwaka uliopita?"

"Ndivyo."

Nilisikia tasbihi yake. "Binti yangu," akasema, "eda huhesabiwa tangu siku ya mauti, si tangu siku ya habari. Yako imekwisha zamani. Huna eda ya kukaa."

"Imekwisha lini, mwalimu?"

"Ulipokuwa ukingoja."

Alisema kwa upole, na sheria ni sheria. Mimi nilikaa nikitafuta ni siku gani zile. Masika yale nilipanda bamia uani. Nilikwenda harusi ya jirani, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Nilisuka mkeka mpana kuliko yote niliyowahi kusuka, wa kitanda chake. Eda yangu ilipita humo, katika bamia na nyimbo, hakuna aliyeijua. Sina dhambi nayo, mwalimu alinihakikishia. Lakini mimi sikuuliza habari ya dhambi. Niliitaka.

Tulisoma hitima, wanawake wakaja na mchele na ubani, wakalia nasi, wakaenda zao. Asubuhi iliyofuata niliamka mtu huru. Ningeweza kutia wanja, kutoka, hata kuposwa. Nilibaki nimesimama ukumbini sijui niende upande gani. Mavyaa alikuwa ameketi penye jamvi.

"Wewe walikupa eda wakakunyang'anya," alisema. "Mimi mamake hawakunipa hata moja. Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Jua lilipopanda, jirani alisimama nje ya mlango. Akauliza, "Mwenzetu anatoka, au hatoki?"

"Sheria yasema anatoka," mavyaa alimjibu. "Mwulize mwenyewe."

Nikasema leo sitoki.