Mama Milimita na Bango la Upimaji Ardhi

Jina la Mama Milimita alibandikwa na wanafunzi wake mwaka ule alipolirudisha darasa zima uwanjani, mvua ikinyesha, kwa kuwa vipimo vyao vilipishana kwa milimita arobaini. Walimnunia wiki nzima.

Siku ya wageni chuoni, mhadhiri huyo alisimama mbele ya bango jipya, damu ikamchemka. Kozi yake ya upimaji ardhi na ramani ilibakiwa na siku hiyo moja: ikikosa waombaji kumi na watano, ifungwe. Na pale bangoni, kijana mtanashati mwenye kofia ngumu alikuwa akichungulia darubini ya kupimia kinyumenyume, jicho kwenye lenzi ya mbele.

"Nani alipiga picha hii?"

"Mimi, mama," akajibu ofisa uhusiano, meno nje. "Kijana katoka vizuri, au sio?"

"Katoka vizuri, ila anajipima pua! Miezi mitatu nakuomba uje utuone kazini. Umekuja?"

"Mama yangu, watoto wa sekondari watajuaje?"

"Ndiyo maana hawaji. Mnawaonyesha kofia, kazi mnaificha!"

Akalibandua bango, akalikunja. Kisha akajitwika darubini begani hadi getini, akaisimamisha kwa miguu yake mitatu kando ya barabara. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wakimpita wakielekea banda la kompyuta.

"Nani ataniambia upana wa barabara hii bila kuivuka?" akafoka.

Wakacheka. Msichana mmoja akasogea. "Kwa kukisia, mwalimu?"

"Kukisia waachie wavivu. Njoo."

Akamwelekeza kulenga nguzo ya umeme ya ng'ambo kutoka vituo viwili, kusoma pembe, kisha kupima umbali kati ya vituo hivyo. Hesabu ikatoka. Magari yalipopungua, wenzake wakavuka na utepe kuhakiki.

"Tumekosea vidole viwili tu!" msichana akapiga kelele.

"Viwili ni vingi. Lenga upya."

Kufikia alasiri foleni ilikuwa imeziba geti, na fomu zilizojazwa zilikuwa kumi na saba. Ofisa uhusiano akaja mbio.

"Unaona, mama? Matangazo yetu yamezaa matunda!"

Mama Milimita alimkazia macho mpaka akarudi nyuma hatua moja.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi, uwanjani. Wewe na kamera yako. Uvae viatu vya tope."

"Sawa, mama."

Mama Milimita alichukua kitambaa, akafuta vumbi kwenye miguu ya darubini mmoja baada ya mwingine, akaikunja, akaifungia darubini kwenye sanduku lake.