Kiporo cha Jumuiya Yetu

Mpunga ukianza kutoa masuke, mtaani kwetu Viwanja Sitini hubaki wale wasioweza kupanda dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Wengine wote huhamia mashambani kuamia ndege, maana kwelea kwelea hawajui Alhamisi wala Jumapili. Mwaka ule jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilibaki na mama yangu, mwenyekiti, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma. Mzee jirani, ambaye husikia anachotaka kusikia. Na mimi, mpishi wa mama.

Katekista alikuja kwenye sala ya Alhamisi, akahesabu vichwa, kazi isiyomchukua muda. Akasema kwa upole kwamba ikiendelea hivi tutaunganishwa na jumuiya ya mtaa wa pili. Mama aliinamia mkeka. Jumuiya ile aliianzisha na marehemu baba, kwenye mkeka uleule tuliokalia, na kuifuta kwake ilikuwa kama kumzika mume mara ya pili. Katekista akaona amechoma, akajaribu kupoza: tusihuzunike, Mungu siku zote hujiachia mabaki ya watu wake.

"Kiporo?" mzee akauliza.

"Mabaki, mzee wangu."

"Si ndiyo hicho kiporo."

Nilicheka, mama hakucheka. Alisema tu kwamba jumuiya haifutwi bila wenyewe kuulizwa, na wenyewe wako shambani. Katekista hakuweza kumkatalia mama mwenye magoti yale.

Alhamisi iliyofuata tukaenda na katekista kwa bodaboda mbili, mama akimkemea dereva kwa kila shimo kana kwamba amelichimba yeye. Pikipiki zilipozimwa tukasikia sauti. Kwenye dungu la kwanza jirani yetu mmoja alikuwa anaongoza rozari kwa kupaza, na madungu mengine yakiitikia juu ya mpunga, kila mtu na kamba yake ya makopo ya kutishia ndege mkononi. Miongoni mwao ilinguruma sauti ya Msukuma mmoja mfugaji. Msimu uliopita ng'ombe wake walikula pembe nzima ya shamba letu, tena bila kusali kabla ya chakula.

"Salamu Maria, umejaa neema, hooo, tokeni, Bwana yu nawe!"

Ndege wakaruka, sala ikaendelea. Hakuna aliyewaagiza. Alhamisi ni Alhamisi, walituambia baadaye, wakishangaa tunachoshangaa. Katekista alikaa kwenye tuta, akavua kofia. Mimi nililia, wala sioni haya kusema. Wiki zote zile nilijiona mlinzi wa imani ya mtaa mzima, kumbe Mungu alikuwa anailinda mwenyewe, huko juu ya miti minne na makuti, bila kunihitaji.

Mama alipangusa macho kwa ncha ya khanga, kisha akamgeukia katekista, akinyooshea madungu mkono.

"Mwalimu, kiporo ni sisi tuliobaki nyumbani. Sufuria ndiyo hii."

Habari ya kuunganishwa haikutajwa tena. Mavuno yalipokwisha watu wakarudi, na Alhamisi ya kwanza mkeka haukutosha, wengine wakakaa barazani. Msukuma naye alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi. Tulipofika katikati ya tendo la kwanza la rozari, nusu ya jumuiya ikapiga kelele "hooo, tokeni!" kwa mazoea. Kuku wa mama wakatimka mlangoni, na mzee wetu, macho yakiwa yamefumbwa, akaitikia amina.