Mgeni Aliyesubiri Kuulizwa Khabari

Shule niliiacha darasa la tatu, Unguja, na sikuona hasara. Nilipofika Maskati baada ya mapinduzi nilikuwa na mke, mdogo wangu wa kiume na mfuko wa bisibisi. Wenzangu waliosoma walikaa wakingoja kuitwa ofisini, na ofisi zenyewe hazikuwapo. Mimi nikakodi kijichumba sokoni Matrah, nikawa natengeneza karabai na majiko ya pampu. Sikumpigia mtu magoti.

Vita vya Dhofari, kusini mwa Omani, tulivisikia kwa kuiba. Gazeti halikuwapo. Dereva akitoka kusini ananong'ona kwamba watu wa mlimani, waliomwasi Sultani, wameikata njia ya Salala. Waingereza walipoondoka Adeni, redio ya huko ikaanza kutamba: ukombozi, wakoloni, vibaraka. Baadaye tukasikia mji mzima wa pwani, upande wa machweo, umeingia mikononi mwao. Wako waliofurahi kimoyomoyo, maana Mwingereza ndiye aliyekuwa akiwaamrisha askari wa Sultani, na hilo hata mimi sikulipenda. Lakini neno mapinduzi nilikwisha kuliona kwa macho yangu, likipita mtaani kwetu na mapanga. Basi wa mlimani sikumwamini, na wa serikali sikumwamini.

Aliyenitia tumbo joto ni mdogo wangu. Alikwenda Kuweti kutafuta kazi, akakatika. Si barua, si salamu. Na ilijulikana kuwa vijana wetu wa huko walikuwa wakishawishiwa kwenda kupigana mlimani. Ndugu yako akijulikana yuko kule, wewe unakwenda ngomeni, kwenye jela iliyo juu ya bahari, na hakuna atakayeuliza umefanya nini.

Nikamwambia mke wangu, "Ukiulizwa, shemeji yako yuko Kuweti, anapaka rangi majumba."

"Na kama hayuko?"

"Yuko."

Asubuhi moja akaja dukani kijana na karabai. Kiswahili chake cha Ng'ambo ya Unguja kitupu. Akaangalia huku na huku, akainama.

"Kaka, nna salamu zako. Za mtu wako wa damu."

"Wewe wa wapi?"

"Mtoto wa Unguja. Kutoka kule nilikwenda Kuweti moja kwa moja, na Kuweti mpaka mlimani. Huku Maskati nimeingia jana, Omani hii siijui hata kidogo. Mdogo wako ana kovu kidevuni, alianguka na baiskeli. Sivyo?"

Ndivyo. Uso niliukaza. Nikamwambia aje nyumbani adhuhuri, tule.

Akaja. Nikamwekea tende, nikammiminia kahawa. Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa, akakitikisa kidogo kuonyesha amekinai, akanirudishia. Halafu akanyamaza, macho mkekani.

Hapo nikashtuka. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa hatuijui adabu ile. Tukishiba kahawa tunakiweka kikombe chini, na wenyewe wa Omani wanatucheka. Khabari sisi tunaanza kuzitoa mlangoni, viatu bado mguuni. Wao, hasa wa bara ya Omani, mgeni hasemi kitu mpaka apewe tende na kahawa, kisha mwenye nyumba amuulize khabari rasmi, naye ajibu kwanza kuwa hakuna ila kheri, hata kama amekuja na msiba. Mimi mambo hayo yalinichukua muda mrefu kuyazoea. Huyu ameingia jana, amebeba khabari ya damu yangu, na amekaa anasubiri aulizwe!

Nikamuuliza kwa Kiarabu, kama wanavyouliza wao. Akajibu kwa Kiarabu palepale, mbio kama anayeitikia amin: hakuna ila kheri. Halafu akakohoa, akarudi kwenye Kiswahili.

"Mdogo wako ana homa, kaka. Anataka dawa, na shati, na neno lako."

"Bwana, umekosea nyumba. Mdogo wangu yuko Kuweti, anapaka rangi majumba. Kula wali wako uondoke, nisije nikakuitia askari."

Akatabasamu. "Una roho ngumu, kaka."

"Ndiyo iliyonifikisha hapa."

Alipotoka, mke wangu akaja juu, machozi yanamtiririka. "Kalitaja kovu! Utamwacha mtoto wa watu afe kwa shati?"

"Kovu hilo barazani petu nani halijui?"

Nikaenda kwa jirani yangu, fundi cherehani, naye wa Unguja, ambaye mpwa wake alikuwa amekatika Kuweti vilevile. Kumbe mgeni alikwisha pita kwake. Fundi alikuwa anafunga bahasha ya kwinini na mashati mawili.

"Usimpe," nikamwambia. "Yule mtu wa serikali. Kanywa kahawa kama mtoto wa sheikh."

Akacheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. "Wewe ami, hata kivuli chako ukikiona unakiuliza kimetoka wapi!"

Haikupita wiki askari wakamchukua fundi. Kutoka siku ile barazani sikukaa tena. Kovu la mdogo wangu halikujipeleka lenyewe serikalini. Mmoja wetu alilipeleka, na mpaka leo sijui nani.

Mwaka wa sabini akatawala mtoto wa Sultani, baba akaondoka. Fundi akatoka ngomeni, meno nusu. Watu wa mlimani wakaambiwa watakaoshuka watasamehewa. Miezi michache baadaye mdogo wangu akabisha hodi kwangu, amekonda, mguu mmoja anauburura.

"Nimetoka Kuweti, kaka."

Nikamtazama nyayo. Zilikuwa zimepasuka na kukomaa kama ngozi ya ngamia. Lami ya Kuweti haimfanyi mtu vile. Yule mgeni alikuwa mwongo, lakini uongo wake aliujenga juu ya kitu cha kweli.

"Mlikuwa mkipaka rangi gani?"

"Nyeupe," akasema.

Nikamwambia anawe, ale. Kesho yake nikampa bisibisi.

Vita viliendelea miaka huko kusini. Kila redio ikitaja mlima, mdogo wangu alikuwa akiinuka anakwenda msalani. Mke wangu ananitazama. Mimi naongeza sauti ya redio.